Hati za Lamu Mbele ya Macho ya Dunia

Mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliivamia Maktaba ya Uingereza, mjini London. Waliifungia mifumo yake, wakadai fidia, na maktaba ilipokataa kulipa wakazimwaga hadharani taarifa walizoiba. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, sehemu kubwa ya hati ambazo maktaba hiyo ilikuwa imeziweka mtandaoni hazikufunguka. Profesa wa Berlin hakuzipata, mwanafunzi wa Nairobi hakuzipata, na mzee wa Lamu mwenye simu yake mkononi naye hakuzipata.

Huyo mzee wa Lamu ndiye anayehusika zaidi na mazungumzo ya leo, msikilizaji. Miongoni mwa nakala za picha zinazotunzwa London zimo za miswada ya Msikiti wa Riyadha, na msikiti huo uko mjini kwake, mwendo wa miguu kutoka barazani pake.

Riyadha ulianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na Sayyid Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, ambaye pwani nzima inamjua kwa jina la Habib Saleh. Hadi leo Maulidi yake, katika Mfungo Sita, hujaza kisiwa wageni kutoka Mombasa, Zanzibar, Comoro na mbali zaidi. Darasa lake lilikuwa na jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa wa zama zile: lilimpokea kila mwenye kiu ya elimu, hata aliyetoka katika nyumba zilizodharauliwa mjini. Darasa huhitaji vitabu, na vitabu vikakusanyika. Vya fiqhi, vya nahau, vya tasawufi, vya maulidi, vya mashairi. Vingine vilinakiliwa kwa mkono papo hapo pwani, vingine vilifika na wasafiri wa Bahari ya Hindi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mwanahistoria wa Norway, Anne Bang, akishirikiana na watu wa msikiti, alisimamia kazi ya kupiga picha zaidi ya mia moja ya miswada hiyo, ukurasa baada ya ukurasa.

Gharama zilitoka katika mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Mpango huo una sharti ambalo kila mwenye maktaba Afrika Mashariki anapaswa kulijua kwa moyo: hati yenyewe haiondoki katika nchi yake. Hupigwa picha palepale ilipo, nakala moja ya picha hubaki nchini, nyingine huenda London. Kwa hiyo mitambo ya London ilipozimika, miswada ya Riyadha ilikuwa Lamu, mikononi mwa wenyewe. Sharti hilo la mistari michache kwenye karatasi ya makubaliano lina uzito kuliko kamera zote zilizonunuliwa.

Haikuwa hivi zamani. Katika miaka ya 1880 mmisionari William Taylor alifika Mombasa, na kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua akakusanya mashairi, yakiwemo ya Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki mwaka 1840. Bila Mwalimu Sikujua kuyakumbuka na kuyaeleza, huenda mengi ya Muyaka yasingetufikia. Karatasi zenyewe ziliishia London. Miaka ya 1930 mambo yaliendelea kwa njia nyingine: Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi mwenye khati ya kupendeza, alikuwa akinakili tenzi kwa mkono wake na kuzituma kwa posta kwa William Hichens na Alice Werner kule Uingereza, na kumwandikia Mjerumani Ernst Dammann aliyekuja kukaa Lamu. Kijumwa alifariki mwaka 1945. Anayetaka kuisoma kazi yake leo huanzia kwenye maktaba za London na Ujerumani.

Hata pale kazi ilipofanyika kwa ajili ya chuo cha nyumbani, mkono wa nje ulionekana. J.W.T. Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miswada imo Dar es Salaam hadi leo, jambo la kushukuru. Katalogi yake, yaani ufunguo wa kuiingilia, ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970, kwa Kiingereza.

Hapo ndipo intaneti ilipobadili hesabu, na haki yake ipewe. Chuo cha SOAS cha London, ambako karatasi za Taylor na Hichens zilihifadhiwa, kimeweka mtandaoni picha za miswada mingi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa Dodoma ambaye hana nauli ya kwenda hata Lamu anaweza leo kuikuza kwenye skrini khati ya Kijumwa mpaka aone wino ulipokolea na kalamu ilipochovywa upya. Mhadhiri wa Mombasa anaweza kulinganisha nakala tatu za utenzi mmoja bila kuomba viza. Vizazi viwili nyuma haya yalikuwa ya wachache wenye ufadhili wa kusafiri. Anayeponda uwazi wa namna hii kwa sababu tu umepitia Ulaya anawanyima haki wanafunzi hao.

Tatizo linaanza baada ya picha kufunguka.

Uchukuliwe Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliutunga karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Baada ya hapo utendi ule ulisafiri kutoka kwa mama kwenda kwa binti, ukisomwa kwa sauti, ukighaniwa, ukinakiliwa, ukisikilizwa na wanawake walioketi pamoja ambao wengi wao hawakuhitaji karatasi kuujua. Rekodi ya maktaba hutoa jina la mtunzi, tarehe ya kukisia, idadi ya kurasa na ukubwa wa karatasi. Haielezi unaghaniwa kwa mahadhi gani, nani alikuwa na haki ya kuusoma mbele ya nani, wala kwa nini bibi mmoja wa Pate husoma ubeti fulani na mwingine huuruka. Msomaji wa Chicago akiufungua huona orodha ya maagizo ya ndoa. Aliyelelewa na utendi ule husikia mama anayeaga dunia akimwachia mtoto silaha za kuishi katika mji wenye macho mengi. Ubeti ni uleule kwa wote wawili, ila maelezo ya kuusindikiza yamemfikia mmoja tu.

Na yule mwenye maelezo ndiye huyo mzee wa Lamu, au mkewe. Je, wao watauona mtandaoni? Intaneti ipo, simu janja zipo. Lakini tovuti nyingi za hazina hizi zimeandikwa kwa Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukitafuta kwa Kiswahili, sembuse kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, mara nyingi hupati kitu, kwa kuwa aliyeandika maelezo ya hati alimfikiria mtafiti wa chuo kikuu. Majina yameandikwa kwa tahajia za kitaaluma, zenye nukta chini ya herufi na vistari juu yake, ambazo hakuna mtu wa Lamu anayezitumia kuandika jina la babu yake. Tena miswada yenyewe ni Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Herufi zile zilirithiwa kutoka lugha nyingine, kwa hiyo p, v, ch na irabu za e na o husomwa kwa mazoea, na mtu asiyeijua lahaja hubahatisha. Mashine zinazobadili picha kuwa maandishi yanayotafutika zimefunzwa kwa lugha kubwa na hushindwa hapa. Vijana wetu nao wamekatika katikati: shuleni wanasoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi, madrasa wanasoma Kiarabu, na ni wachache wanaofundishwa kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hivyo hati iko wazi kwa ulimwengu wote, na mjukuu wa aliyeiandika anaitazama asiweze kuisoma.

Katika baadhi ya vitabu vya Riyadha, kwenye ukurasa wa mwanzo, kuna maneno mafupi yaliyoandikwa na mwenye kitabu: kitabu hiki ni wakfu. Maana yake kila Mwislamu wa pwani anaijua. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi na hakitolewi zawadi. Kimewekwa kwa ajili ya wanafunzi, na kila anayefaidika nacho humletea thawabu aliyekiweka. Watu wa Lamu, basi, hawakusubiri mwaka 2002, pale wanazuoni waliokutana Budapest walipotoa tamko lao la kutaka machapisho ya utafiti yasomwe na yeyote bila malipo. Walikuwa na mfumo wao wa kufungua elimu, wenye sheria, wenye msimamizi, na wenye jina la mtoaji likibaki palepale kwenye ukurasa. Tofauti ni kwamba wakfu huandamana na masharti ya aliyeutoa popote uendapo. Akisema kitabu kisomwe katika msikiti fulani, hapo ndipo mahali pake. Je, nani ameketi na wasimamizi wa wakfu, na maulamaa, akawauliza ikiwa picha ya kitabu cha wakfu nayo ni wakfu? Ikiwa ndiyo, kampuni inaweza kuiuza ndani ya hifadhidata ya kulipia? Hili ni suala la kisheria na la kidini kwa pamoja, na majibu yake hayatatoka London. Yanapaswa kutoka kwa makadhi na wanasheria wa Lamu, Mombasa na Zanzibar, na inafaa yaanze kutafutwa sasa.

Wapo waliokwisha kuonyesha kwamba masharti ya wenyewe yanaweza kusafiri na hati hadi kwenye mtandao. Mwezi Machi 1890, katika mji wa Calais, jimbo la Maine, Marekani, Jesse Walter Fewkes alirekodi sauti za Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kwa mashine ya silinda za nta. Inasemekana hizo ndizo rekodi za kwanza duniani za aina hiyo kufanywa na mtafiti nje ya studio. Nyimbo na hadithi zao zikaondoka, zikakaa kwenye majumba ya makumbusho, hatimaye zikafika Maktaba ya Bunge la Marekani, zikiwa na maelezo ya Fewkes na majina aliyoyabuni yeye. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wazee wa jamii hiyo walikaa na wakutubi, wakasikiliza upya, wakasahihisha, wakazipa nyimbo majina kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 2018 maktaba ilizitoa mtandaoni zikiwa na alama maalumu zilizoandaliwa na jamii yenyewe: hizi ni zetu na tutajwe, hizi ni za kujifunzia, hizi zisitumiwe kibiashara. Zile ambazo jamii haikutaka zisikike hadharani hazikuwekwa.

Alama hizo zilitokana na mradi unaoitwa Local Contexts, ulioasisiwa mwaka 2010 na Jane Anderson na Kimberly Christen. Christen alikuwa amefanya kazi kabla ya hapo na Wawarumungu wa Tennant Creek, katikati ya Australia, watu ambao kwao si kila picha ni ya kila jicho. Ipo ya wanawake tu, ipo ya wanaume tu, na picha ya marehemu huondolewa machoni wakati wa msiba. Kwa ushirikiano huo ilitengenezwa programu ya kompyuta, Mukurtu, inayofuata desturi hizo: mtu huingia, mfumo humjua ni wa ukoo gani na ana haki gani, humwonyesha vinavyomhusu. Programu hiyo inatolewa bure. Hakuna kinachozuia jumba la makumbusho la Lamu au kituo cha utamaduni cha Mafia kuitumia kesho asubuhi, isipokuwa umeme, mtu mmoja aliyefunzwa, na uamuzi wa kuanza.

Wengine watauliza, hasara iko wapi kitu kikionwa na watu wengi? India ina jibu la kitu kinachokaa katika kila jiko la Mswahili: manjano. Mwaka 1995 chuo kimoja cha tiba nchini Marekani kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, likaleta maandiko ya kale kuthibitisha kwamba dawa hiyo ilijulikana kwa karne nyingi, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kutokana na mkasa huo India ilijenga maktaba ya kidijitali ya tiba za asili. Maandiko ya kale ya tiba yalifasiriwa kwa lugha tano za kimataifa, kisha mlango ukafunguliwa kwa ofisi za hataza peke yake, kwa mkataba, ili wakaguzi wajue kipi si kipya. India iliweka maarifa mahali pa kuyalinda, na haikuyatandaza kwa kila mpita njia. Miswada ya pwani yetu nayo ina vitabu vya tiba. Pale Muhimbili kuna taasisi ya dawa za asili tangu mwaka 1974. Kabla kurasa za miti na mizizi hazijapigwa picha na kumwagwa mtandaoni, ni haki wenye maarifa hayo waulizwe. Mwezi Mei 2024 mataifa yalikubaliana Geneva mkataba unaowataka waombaji wa hataza wataje rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi waliyotumia yalitoka wapi. Mkataba kama huo utamsaidia tu aliyeweka kumbukumbu zake sawasawa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba dawa ni kufunga. Hati iliyofungiwa kabatini kwa jina la heshima huliwa na mchwa kwa jina hilohilo. Chumvi ya bahari na unyevu haviulizi nani mwenyewe. Ziko nyumba za pwani ambako msahafu na tenzi za babu zimo ndani ya sanduku ambalo halijafunguliwa miaka mingi, kwa sababu kila ndugu anamwogopa mwenzake. Wanaofungia hivyo wanaipoteza hati, na maelezo yake vilevile, kwa kuwa mzee anayejua kisa chake naye anaondoka. Hofu ya kuibiwa inaeleweka kabisa ukikumbuka karatasi za Taylor. Haifai kuwa sababu ya kuacha zilizobaki zioze.

Historia ya karibuni ina funzo lingine, la mradi wa Aluka. Ulianzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nia ya kukusanya kidijitali mambo matatu ya Afrika: mimea, maeneo ya urithi na nyaraka za ukombozi wa kusini mwa bara. Nyaraka za ukombozi zinaigusa Dar es Salaam moja kwa moja, kwani ndiko kulikokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu mwaka 1963, na vyama vya ukombozi vya FRELIMO na ANC vilikuwa na ofisi zao huko. Mradi ulipotaka nyaraka hizo, wanahistoria wa Afrika Kusini waliuliza maswali makali: nani anachagua kipi kiingie, na kwa nini historia ya watu waliopigania kujitawala ikae kwenye seva ya ng'ambo na kuuzwa kwa usajili? Mabishano yalikuwa marefu, na yalikuwa na faida. Mwaka 2008 Aluka iliunganishwa na JSTOR, maktaba kubwa ya kidijitali ya kitaaluma ya Marekani. Wenye mradi walikuwa na nia njema kwa Afrika. Maswali yale yalihusu nani anakaa mezani wakati wa kuamua, na nia njema haiwezi kuchukua nafasi ya kiti mezani.

Kwa upande wa majengo, Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi uliobeba neno letu, Zamani, ulioongozwa na Heinz Rüther. Wataalamu wake wamepima kwa mionzi ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na mji wa Lamu, hata ufa wa ukuta ukaonekana kwenye kompyuta. Kilwa na Songo Mnara zilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kati ya mwaka 2004 na 2014, kwa hiyo vipimo hivyo ni mali kubwa kwa watunzaji. Vinastahili kumfikia pia kijana wa Kilwa anayewatembeza wageni, na mwalimu wa historia wa Kilwa Masoko, kwa faili ndogo inayofunguka kwenye simu ya kawaida.

Habari ya faili ndogo inatuleta kwenye waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoiunganisha Afrika Mashariki na dunia, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja. Tanzania ilipata shida kubwa, Kenya na majirani nao wakalemewa. Benki zilikwama, na wanafunzi waliokuwa wakitegemea makala za mtandaoni walibaki wakitazama duara likizunguka. Aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya chuo aliendelea kusoma. Ndiyo maana miradi kama Kiwix, inayoiweka Wikipedia nzima ndani ya kifaa kidogo ili isomwe bila intaneti, ina maana kubwa kwetu, na ndiyo maana kila hazina ya kitaaluma inayojidai kuwa ya dunia nzima ingepaswa kuwa na toleo la kukaa kwenye seva ya shule ya Namanyere au ya Garissa. Hata siku waya ukiwa mzima, bando lina bei yake. Picha moja ya ukurasa wa mswada yenye ubora wa makumbusho inaweza kumaliza fedha ya siku nzima ya mwanafunzi.

Upande wa majarida ya kitaaluma nako mlango una bawaba za ajabu. Mwaka 2002, uleule wa tamko la Budapest, Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, mpango uliowapa madaktari na vyuo vya nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Umeokoa kazi nyingi, na hospitali zetu zinaujua. Unafunguka kwa nywila ya taasisi, kwa hiyo mganga wa zahanati isiyosajiliwa hana njia. Kisha mfumo ukageuka: badala ya msomaji kulipa, alipe mwandishi. Mwaka 2021 wachapishaji wa jarida la Nature walianza kutoza yuro 9,500 kwa makala moja itakayokuwa huria. Kuna misamaha kwa nchi za kipato cha chini, lakini kwa baadhi ya majarida mtafiti wa Makerere au Dodoma hulazimika kuomba msamaha ili autangazie ulimwengu utafiti alioufanya kijijini kwao.

Zipo njia nyingine, na si ndoto. AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika mtandaoni, ilianzia Uingereza mwaka 1998, na mwaka 2005 ikahamia Afrika Kusini. Leo ina majarida zaidi ya 500 yanayochapishwa Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Swahili Forum, lililoanza Cologne mwaka 1994, linasomwa bure na yeyote, na hupokea makala za Kiswahili. TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina jarida lake la Kiswahili, lenye mizizi katika ile kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Na kwa watoto kuna African Storybook, iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014: mwalimu wa Turkana huichukua hadithi, huifasiri kwa lugha ya darasa lake, hubadili ugali ukawa chakula cha kwao, kisha huirudisha ili mwalimu wa Kampala aitumie. Leseni yake inaruhusu hayo waziwazi. Mwalimu yule hapati tu ruhusa ya kusoma, anapata na ruhusa ya kusahihisha. Hazina nyingi za vyuo vikuu bado hazijafika hapo.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo kuhusu sayansi huria. Pendekezo hilo linataka elimu ifunguliwe, na papo hapo linakubali kwamba faragha, haki za jamii za asili na mambo matakatifu ni sababu halali za kuweka mpaka. Tanzania na Kenya ni wanachama. Hoja ipo kwenye karatasi, imekubaliwa, na anayeidai hapaswi kuonekana mkorofi.

Basi ombi la mazungumzo haya linakwenda kwa watu watatu. Kwa wakuu wa maktaba za vyuo vyetu: mkataba wowote wa kupiga picha au kuskani utaje nakala inayobaki nchini, seva itakayoihifadhi, na maelezo ya kila hati kwa Kiswahili, yaandikwe kabla fedha hazijaanza kutumika. Kwa walimu wa Kiswahili na wa madrasa: wafundisheni vijana kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, hata kwa saa moja kwa juma, kwa kuwa miswada haitakuwa na msomaji bila wao. Na kwa kila familia iliyo na sanduku la karatasi za kale, Pate, Siu, Mambrui, Pemba, Bagamoyo au Mikindani: lifungueni. Mketisheni bibi au babu anayejua kisa cha karatasi hizo, mrekodini kwa simu akieleza nani aliandika, nani alisoma na kwa nini ilitunzwa. Mgeni akija na kamera, mpeni chai, kisha kabla hajapiga picha hata moja, mwombeni aandike nakala yenu itakaa wapi na jina lenu litaonekana wapi.